Laptopu nyembamba nimeipenda, kaka anasema nitajuta

Shikamoo Fundi,

Mimi ni dada wa miaka 30, niko kwenye ofisi ndogo ya uhasibu hapa Mbeya. Kazi yetu kubwa ni kuwafungia hesabu vyama vya msingi, hizi AMCOS za kahawa, kakao na mpunga. Leo niko Tukuyu, kesho Mbozi, keshokutwa Kyela. Napanda Coaster mpaka stendi, kisha bodaboda mpaka kijijini, begi mgongoni muda wote.

Laptopu ninayotumia nilinunua 2016 nikiwa chuo. Ni ya inchi 15.6, Core i3, RAM 4GB. Bawaba ya kushoto ilikatika, kwa hiyo nikiifungua naiegemeza kwenye rundo la mafaili. Nikiwasha naenda kukoroga chai, na nikirudi bado inazungusha kile kiduara. Betri ilishakufa, umeme ukikatika nayo imekata. Na ni nzito, Fundi. Bega la kulia linaniuma mpaka usiku.

Mwezi uliopita nilikuwa Dar nikapita Kariakoo. Muuzaji akanipa laptopu nyembamba nishike kwa vidole viwili. Inchi 13.3, kilo 1.1, RAM 8GB, SSD 256GB, mtumba wa Dubai lakini safi kama mpya. Pembeni ina matundu mawili ya USB-C, yale madogo, na moja la hedifoni, basi. Anataka 1,150,000. Mimi nina 1,300,000 tulizogawana kwenye kikoba. Nimeomba aniwekee mpaka mwisho wa mwezi.

Kaka yangu, ambaye ndiye mtaalamu wa kompyuta nyumbani, ameniambia hiyo ni ya kupigia picha mgahawani, kitu chepesi hakidumu, na nitajuta. Muuzaji naye anasema mambo ya matundu mengi yamepitwa na wakati, siku hizi kila kitu kiko mtandaoni. Kazi zangu ni Excel, programu ya hesabu ya Windows, kuchapa ripoti kwenye printa za vyama, na siku ya mkutano mkuu kuonyesha taarifa kwenye projekta. Michezo sichezi, video sihariri.

Nichukue au niache?

Mwenye bega, Mbeya

---

Marahaba mwanangu, na pole na bega.

Kabla ya yote nina kazi nataka uifanye. Kesho asubuhi ukienda kazini pita kwenye bucha unalonunulia nyama, mwombe mwenye bucha akuwekee begi kwenye mizani. Kwanza lote kama lilivyo, halafu utoe laptopu na chaja upime tena. Laptopu za inchi 15.6 za miaka ile huwa na kilo 2 mpaka 2.4, na zile chaja zao za tofali zinafika karibu nusu kilo. Hiyo ya Kariakoo ni 1.1, na chaja yake ya USB-C haizidi robo kilo sana. Umepunguza zaidi ya kilo moja hapo, na kwa mtu anayeshinda kwenye bodaboda hilo si jambo la kuringia, ni jambo la mwili. Kaka yako kalidharau kwa sababu kompyuta yake, nadhani, inakaa mezani. Ila usishangae mizani ikikuonyesha kwamba chupa ya maji ya lita moja na nusu na yale mafaili ya risiti ni mazito kuliko kompyuta yenyewe. Maji nunua ukifika.

Laptopu tunaziita mpakato kwa sababu ya kupakata, kama unavyompakata mtoto mapajani. Wewe la kwako hukulipakata, umelibeba mgongoni miaka yote hii bila mbeleko.

Kuna faida nyingine ambayo muuzaji hakukuambia, na kwa kazi yako naona inakaribia kuwa kubwa kuliko uzito. Laptopu nyingi nyembamba za sasa zinachajiwa kwa USB-C, na prosesa zake zinakula umeme kidogo. Maana yake unaweza kuichaji kwa pawabenki. Pawabenki ya mAh 20,000 ina nishati ya kama wati-saa (Wh) 74, na betri ya laptopu ya aina hiyo huwa karibu na Wh 50. Ukitoa kinachopotelea njiani, inakupa chaji moja kamili hivi. Uko Mbozi, umeme umekatika saa nne asubuhi, katibu wa chama anakutazama, wewe unachomeka waya na kazi inaendelea. Ila isiwe pawabenki ya simu ya kawaida. Iwe imeandikwa PD (Power Delivery) na itoe wati 45 au 65, la sivyo utachomeka na laptopu itakutazama tu. Uliza pia kama hiyo laptopu inakubali chaji kwenye matundu yote mawili au kwenye moja, kwa sababu ikiwa ni moja na likalegea, umebaki na ubao wa kukatia vitunguu.

Sasa tuje kwenye wembamba wenyewe umepatikanaje, maana mwanangu hakuna kitu kinachopungua bila kwenda mahali. Januari 2008 Steve Jobs alipanda jukwaani San Francisco akachomoa MacBook Air ya kwanza kutoka kwenye bahasha ya kaki, kama hizo unazobebea risiti. Watu wakapiga makofi. Ilikuwa na tundu moja la USB, haina sehemu ya CD, betri huwezi kuitoa mwenyewe, na RAM yake ya 2GB, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa imechomelewa moja kwa moja kwenye ubao. Miaka mitatu baadaye Intel nao wakaja na jina la Ultrabook na kampuni nyingine zikafuata. CD hakuna anayeililia tena. Ile RAM ya kuchomelewa ndiyo imebaki, na hapo ndipo ninapotaka ukae na mimi kidogo.

Aliwahi kuniletea mwalimu mmoja laptopu nyembamba nzuri kabisa, ya fedha fedha, RAM 4GB. Akaniambia, Fundi niongezee ziwe 8, naona inakwama. Nikageuza, nikatoa skrubu kumi, nikabandua mfuniko taratibu kwa kadi ya plastiki. Ndani asilimia kubwa ni betri, nyeusi, bapa, imelala kama mkeka. Juu yake ubao mdogo usiozidi upana wa rula mbili, na kando ya prosesa vidonge vinne vyeusi vimegandishwa kwa risasi. Hiyo ndiyo RAM yake. Hakuna tundu la kuongeza, hakuna cha kutoa. Nikamwita aje aangalie mwenyewe, asije akadhani nambania. Nilirudishia skrubu zake na sikumtoza. Alikaa pale kwenye benchi muda mrefu ameishika mapajani.

Lile lako la 2016, likija kwenye meza yangu, nina uhakika karibu wote kwamba ninaweza kuongeza RAM, kutoa diski ya kuzunguka nikaweka SSD (diski ya chipu isiyozunguka), kubadilisha betri na kufunga bawaba mpya. Laptopu nene unainunua kidogo kidogo, leo hivi, mwakani ukipata pesa unaongeza. Nyembamba unainunua yote siku ile ile ya kwanza. Ulichotoka nacho dukani ndicho utakachozeeka nacho.

Ndiyo maana hizo 8GB zinanikaa vibaya. Leo zinatosha. Windows 11 ikiwaka tu, kabla hujagusa kitu, mara nyingi imeshakula 3 au 4. Fungua programu yako ya hesabu, fungua kitabu cha Excel cha wakulima mia nane wa kahawa chenye karatasi kumi na mbili ndani, fungua na barua pepe kwenye kivinjari, umefika ukingoni. Ingekuwa unaweza kuongeza mwakani ningekwambia chukua. Kwa nyingi za wembamba huo huwezi, kwa hiyo kama unanunua nyembamba tafuta yenye 16GB. SSD ya 256 haina shida kwa kazi ya hesabu, na nyembamba nyingi SSD yake bado inatoka na kubadilishwa, ingawa si zote.

Kuna jambo ambalo si kaka yako wala muuzaji aliyelitaja, nami naona ndilo litakalokuudhi siku ya pili tu. Angalia upande wa kulia wa kibodi ya laptopu yako ya sasa. Vile vitufe vya namba, 7 8 9 juu, 0 chini, na Enter ndefu pembeni. Laptopu ya inchi 13.3 haina nafasi ya kuviweka. Wewe mtu wa hesabu, mkono wako wa kulia unaingiza kilo na bei bila macho kutazama, sasa utaanza kutafuta namba kwenye mstari wa juu kama anayejifunza kuchapa. Dawa ipo, kibodi ndogo ya namba peke yake, ya waya au isiyo na waya, ina uzito wa gramu mia na kitu. Ila ihesabu kwenye bajeti na kwenye begi.

Na kioo. Kutoka inchi 15.6 kwenda 13.3 unapoteza kama sentimita tano za upana. Kwenye Excel hizo ni safu wima mbili tatu zinazotoka nje, na utakachofanya ni kupunguza ukubwa wa maandishi mpaka asilimia 80, halafu utanikumbuka macho yakianza kuuma badala ya bega. Inchi 14 kwa kazi yako ndiyo kipimo chenye huruma.

Kuhusu matundu, muuzaji anaishi Kariakoo, hajawahi kukaa kwenye ofisi ya AMCOS. Printa ya chama ina waya wa USB ya zamani, ile pana. Flashi ya katibu ni hiyo hiyo pana. Projekta ya kukodi siku ya mkutano mkuu ni HDMI, na ukibahatika vibaya ni ile VGA ya zamani ya buluu yenye skrubu mbili. Hakuna hata kimoja kitakachoingia kwenye USB-C bila hab, kile kifaa kidogo kinachogeuza tundu moja kuwa matundu ya aina nyingine. Hab zenyewe ni nyepesi, lakini zina tabia moja, zinasahaulika. Utaikumbuka iko juu ya meza Mbeya wakati umeshafika Kyela, wajumbe wamekaa, na mwenyekiti anakohoa kukuashiria uanze.

Joto sina la kusema sana. Nyembamba hazina nafasi ya kupozea, nyingine kama MacBook Air tangu ile ya M1 ya 2020 hazina feni kabisa. Zikipata moto zinajipunguzia kasi zenyewe. Anayehariri video ataliona hilo kila siku, wewe wa Excel utalisikia kwa nadra. Kitu pekee ni hiyo Kyela. Apple wameandika MacBook Air itumike kwenye joto la nyuzi 10 mpaka 35, na ofisi ya bati isiyo na dari saa nane mchana mwezi wa kumi na moja inaweza kukaribia huko. Weka juu ya meza, usiweke juu ya mto wala kitenge kilichokunjwa, na usiiache inachaji juani. Joto ndilo linaloua betri, na betri ya nyembamba imegundishwa ndani, kuibadilisha ni kazi ya nusu siku.

Kaka yako anasema kitu chepesi hakidumu. Hapo kakosea nusu. Nimeona mabodi ya magnesiamu na ya aluminiamu, mepesi, yanavumilia kuliko plastiki nene za bei rahisi ambazo bawaba zake zinang'oka na kipande cha mfuniko. Muulize bawaba ya laptopu yako nene imekuwaje. Panapovunjika kwenye nyembamba ni kioo. Mfuniko ukifungwa, kati ya kioo na kibodi hakuna nafasi ya kupita kitu. Julai 2020 Apple ilitoa tangazo kuwaonya watu wasifunge laptopu ikiwa wamebandika kifuniko cha kamera, maana kinapasua kioo. Kifuniko cha kamera tu! Wewe meza yako imejaa klipu za karatasi na pini za stepla. Klipu moja ikilala kwenye kibodi ukafunga kwa haraka boda imefika, umenunua kioo. Jizoeshe kupitisha kiganja juu ya kibodi kila unapofunga, kama unavyofuta meza. Na ndani ya begi ikae na mafaili yanayolala bapa, chupa na chaja mfuko mwingine.

Jibu langu, basi. Hiyo ya Kariakoo iache. Wembamba wake hauna tatizo. Ni 8GB isiyoongezeka, kioo kidogo na matundu mawili, na hab na vitufe vya namba vitakula hiyo 150,000 inayobaki. Kwa pesa yako tafuta mtumba wa zile za maofisini, za inchi 14, ambazo zilitengenezwa kwa watu wa kusafiri na kazi kama wewe. Mfano ninaoujua kwa ndani ni ThinkPad T480s ya 2018. Inaanzia kilo 1.32, yaani gramu mia mbili na ushee tu juu ya hiyo uliyoipenda, lakini ina USB pana mbili, HDMI, tundu la waya wa intaneti, inachajiwa kwa USB-C, na juu ya RAM iliyochomelewa ina tundu moja la kuongeza. Vitufe vya namba nayo haina, hilo hutalikwepa. Ukipenda nyembamba zaidi, X1 Carbon ya mwaka huo ina kilo 1.13 na USB pana mbili na HDMI, ila RAM yake yote imechomelewa, kwa hiyo iwe 16 au usiiguse. Zipo za kampuni nyingine za namna hiyo hiyo. Kitu ambacho usishuke chini yake ni prosesa ya Intel ya kizazi cha 8, kwa sababu Windows 11 haizikubali rasmi karibu zote za nyuma ya hapo, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Hiyo ndiyo sababu pia sikushauri umwage pesa nyingi kwenye ile ya 2016. Ifungie SSD na bawaba tu, ikae ofisini ikuwekee nakala za kazi.

Ukiwa dukani, usiishike kwa vidole viwili. Ilaze juu ya kabati la kioo la muuzaji ikiwa imefungwa, ibonyeze kona moja moja. Ikichezacheza kama meza ya mama ntilie, betri imeanza kuvimba au bodi limepinda. Kisha iwashe, ubonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, uende kwenye Performance, kisha Memory, yaani kumbukumbu. Hapo utaona ina nafasi ngapi za RAM, na ikiandika «Row of chips» ujue ni zile za kuchomelewa. Halafu fungua dirisha jeusi la amri (Command Prompt) uandike powercfg /batteryreport. Itakutolea ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Wewe ni mtu wa hesabu, hizo namba mbili hutahitaji mtu akusomee. Ikiwa imebaki chini ya robo tatu, mwambie akupunguzie bei ya betri mpya. Na nenda na flashi yako, ichomeke kila tundu, uwe umeona inasoma kabla hela haijatoka mfukoni.

Muuzaji akikwambia una maswali mengi, mwambie umetumwa. Na ukishapita bucha, niandikie begi limesoma kilo ngapi.